Mkasi ni Amana: Nani Anakata Video za Binti Zetu?



Kila mwaka wa masomo ukielekea mwisho, simu zetu hujaa video za nyimbo zilizotengenezwa na wanafunzi. Nyengine ni kaswida za madrasa, nyengine taarabu, nyengine ni nyimbo za kuagana za darasa linalomaliza. Video ikifika tu, mjadala unaanza, na sote tunaujua: binti kaimba, ilikuwa halali yake kuimba? Ushungi umekaa sawasawa? Wazazi wake wanajua? Suala la muziki wanavyuoni wamehitalifiana kwa karne nyingi, na sisi hatukai hapa kutoa fatwa. Kila mmoja ana sheikh wake wa kumuuliza. Tuna swali jengine ambalo hatulisikii likiulizwa: nani aliikata video hiyo?

Tunaliuliza kwa sababu sehemu kubwa ya heshima ya binti kwenye video inaamuliwa baada ya kamera kuzimwa. Inaamuliwa usiku, mbele ya kompyuta, na mtu aliyekaa peke yake akichagua kipi kitoke na kipi kibaki. Mara nyingi mtu huyo ni kijana wa kiume ambaye hakuna aliyempa sharti lolote. Rai yetu ni mbili. Anayekata video abebeshwe amana hiyo waziwazi, na binti zetu wafundishwe kukata wenyewe.

Picha moja inatoka, ishirini na tisa zinabaki

Tuelewane kwanza kazi yenyewe. Video ya wimbo haipigwi kama harusi, ambapo kamera hufuata yanayotokea. Wimbo hurekodiwa kwanza. Siku ya kupiga picha unachezwa kwenye spika na mwimbaji anaufuatisha kwa mdomo, tena na tena: mara kamera iko mbali, mara iko karibu, mara barazani, mara ufukweni. Baadaye mhariri anauweka wimbo kwenye programu, anapanga vipande vya picha juu yake, na kuoanisha midomo na sauti. Ndiyo maana wapigaji wengi hupiga kofi moja mbele ya kamera kabla ya kuanza. Kofi hilo linaonekana na linasikika, na hapo ndipo picha na sauti hukutanishwa.

Sasa tufanye hesabu. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, wimbo wa dakika 4 una picha 6,000. Tuseme wanafunzi wamepiga saa 2 za video, ambazo kwa kazi kama hii si nyingi. Hizo ni picha 180,000. Yaani katika kila picha 30, moja inatoka mbele za watu na 29 zinabaki kwa mhariri.

Katika hizo 29 mna upepo ulioinua dera, ushungi ulioteleza, binti aliyeinama kufunga kiatu, mashoga wakicheka kwa sauti wakidhani kamera imezimwa. Hayo ni mambo ya kawaida ya watu waliochoka na jua, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini yote yameandikwa kwenye kadi ya kamera, na kadi iko mkononi mwa mtu mmoja.

Mkasi unaweza kusingizia

Wengi wetu tunadhani kuhariri ni kupunguza urefu na kuongeza maua. Ni zaidi ya hapo. Takriban miaka 100 iliyopita, mtengenezaji filamu wa Urusi aitwaye Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo bado linafundishwa kwenye vyuo vya filamu. Inasimuliwa kwamba alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, uso ambao haukuonyesha hisia yoyote, akaiunganisha na picha ya sahani ya supu, kisha na picha ya jeneza. Watazamaji wakasema mwigizaji anajua sana kazi yake: hapa ana njaa, pale ana huzuni. Uso ulikuwa uleule. Maana ilitoka kwenye kiungo, pale kipande kimoja kinapokutana na kengine.

Lilete jambo hilo hapa kwetu. Binti kapigwa picha Jumatatu barazani kwa bibi yake, mama na shangazi wamekaa pembeni ya kamera. Mwanafunzi wa kiume kapigwa picha Alhamisi Forodhani. Hawajaonana hata dakika moja. Mhariri anaweka jicho la binti likigeuka, anafuatisha uso wa kijana akitabasamu, kisha anarudi kwa binti akiinamisha kichwa. Hapo keshatengeneza mkutano ambao haukuwepo. Jirani akiiona anasema, "Mtoto wa fulani kumbe ana mtu." Mama aliyekuwa pale barazani anaapa kwamba hakuna kilichotokea, na hakuna anayemsikiliza, kwa sababu watu wameona kwa macho yao.

Sisi tulioisoma Sura An-Nur tungepaswa kushituka. Aya ya 4 inataka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke aliyehifadhika, na kuanzia aya ya 11 inazungumzia uongo aliozuliwa Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake. Tukumbuke kisa kilivyokuwa. Alikuwa safarini, akaachwa nyuma na msafara wakati anautafuta mkufu wake uliopotea. Safwan akamkuta, akampandisha juu ya ngamia, akamwongoza mpaka wakaufikia msafara. Walichokiona watu ni vipande viwili tu: msafara umeondoka bila yeye, kisha yeye anafika na Safwan anaongoza ngamia. Katikati hawakuona kitu. Wazushi wakaviunganisha wapendavyo, na mji wa Madina ukaishi na maneno hayo kiasi cha mwezi mzima mpaka wahyi ukateremka kumsafisha.

Hatusemi kijana anayetafuta video ya kuvutia ana nia ya wazushi wale. Mara nyingi hajui hata anachokifanya. Kaona jicho limegeuka vizuri kwenye mdundo akalitumia. Lakini chombo alichonacho kina uwezo wa kuleta madhara yaleyale, na binti wa miaka 17 hatateremshiwa wahyi wa kumtetea. Atabaki na video kwenye simu za watu.

Wasioimba nao wamo

Kuna wanawake wengine kwenye video hizi ambao hata jina la wimbo hawalijui. Wimbo ukiwa wa kumsifu mama, wanafunzi hukimbilia Paje, Jambiani au Bwejuu kuwapiga picha akina mama wa mwani. Bamvua likiwadia na maji yakitoka mbali, akina mama wako shambani kwao baharini, kanga zimefungwa juu kidogo, nguo zimerowa, wameinama wanafunga mwani kwenye kamba. Wako kazini, na tangu kilimo hicho kianze kibiashara kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi hiyo imesomesha watoto wengi. Kamera ya leo inaweza kuwa mbali kabisa na ikamvuta mtu mpaka ukamhesabu kope. Mama hakuulizwa, hakuambiwa, na nguo yake iliyorowa inakuwa pambo la kiitikio.

Au wimbo ni wa harusi, na rafiki yao mmoja ana vipande vya usiku wa hina wa dada yake. Vinaombwa, vinaingizwa. Wanawake waliovua mabuibui kwa sababu mlango ulifungwa wanajikuta wameingizwa kwenye video ya darasa.

Hapa tunapenda kukumbusha mpangilio wa Sura hiyohiyo ya An-Nur. Amri ya kuinamisha macho inaanza na wanaume, aya ya 30. Sisi wanawake tunafuata aya ya 31. Kijana anayekaa usiku kucha akirudisha mbele na nyuma picha za wanawake ana macho, na kaamrishwa kabla yetu. Tumezoea kumwambia binti ajifunike mbele ya kamera. Tumesahau kumwambia kijana ajihifadhi mbele ya skrini.

Imepokewa pia na Abu Daud na Tirmidhi mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mtu akizungumza jambo na huku anageuka kuangalia pembeni, maneno hayo yanakuwa amana kwa aliyeyasikia. Hajasema "usimwambie mtu", lakini kule kugeuka kumeshasema. Sote tumewahi kumwona mwanamke akitupa jicho mlangoni kabla ya kulegeza ushungi. Tunadhani jicho lile nalo lina haki ya kueleweka vivyo hivyo.

Wapo watakaosema dawa ni kuuziba uso kwa ukungu. Husaidia wakati mwengine, lakini si sana kwenye visiwa kama hivi vyetu. Sauti, mwendo, kanga na nyumba ya nyuma vinatosha kumtambulisha mtu kijijini kwake, na ukungu wenyewe unawafanya watazamaji wazidi kuuliza ni nani. Kipande chenye shaka kiachwe nje. Katika saa 2 za video hakikosekani kengine.

Mabaki yanakwenda wapi?

Tukishaona video imetoka salama tunapumua. Tusipumue mapema, kwani zile picha 29 bado zipo.

Video nzuri ni nzito. Kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde inajaza karibu GB 45 kwa saa moja. Mwanafunzi hana diski ya kuhifadhi yote hayo, hivyo anaazima ya rafiki, anahamishia kwenye kompyuta ya skuli, anamtumia mwengine sehemu ili asaidie. Kazi ikiisha, nakala ziko sehemu tatu au nne na hakuna anayekumbuka ni wapi.

Kufuta nako si kama kuchoma karatasi. Ukifuta faili kwenye kadi ya kamera, kwa kawaida kinachoondolewa ni anwani yake tu. Picha zenyewe zinaweza kubaki mpaka nyengine ziandikwe juu yake, na zipo programu za kuzirudisha. Kadi "tupu" iliyoazimwa au kuuzwa inaweza kuwa imebeba usiku mzima wa hina. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vyema kuijua, lakini sheria huja baada ya madhara. Amana inatakiwa ije kabla, na aya ya 58 ya Sura An-Nisaa inatuamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Picha ya mwanamke mwenyewe ni mwanamke huyo, hata kama kamera ni ya mtu mwengine.

Binti zetu wakae kwenye kiti hicho

Baada ya kuyasikia yote haya, baadhi ya wazazi watasema: basi, binti yangu asikaribie kamera wala kompyuta. Tunawaelewa, na hatukubaliani nao. Binti akiondoka kwenye kile kiti, video haziachi kutengenezwa. Zinatengenezwa na wengine, naye anabaki kuwa mtu wa kupigwa tu.

Na wanawake wa visiwa hivi hawakuwa watu wa kupigwa tu. Siti binti Saad wa Fumba alikwenda Bombay mwaka 1928 na wanamuziki wenzake, wakarekodi santuri, na sauti yake ikafika majumbani ambako yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga. Mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani aliunda Tausi, kikundi cha taarabu cha wanawake wanaopiga ala wenyewe, pale ambapo watu walizoea kuona mwanamke anaimba na wanaume ndio wanaopiga. Kiti cha uhariri ni hatua inayofuata kwenye njia hiyohiyo.

Kazi yenyewe inawafaa wengi wetu. Inafanyika nyumbani, mlango umefungwa, watoto wamelala. CapCut iko kwenye simu, na DaVinci Resolve, inayotumika hata na mafundi wa filamu kubwa, ina toleo la bure kwa mwenye kompyuta yenye nguvu. Na hakuna skuli nzuri ya uhariri kama video ya wimbo ya wanafunzi: ni fupi, mdundo wenyewe unakuonyesha pa kukata, na ukikosea unaona papo hapo. Binti akikata wimbo mmoja wa dakika 4 kwa uangalifu atakuwa amejifunza kupanga, kuoanisha sauti, kusawazisha mwanga ili nguo nyeupe isiunguze picha na rangi yetu isigeuzwe majivu.

Sasa biharusi mtarajiwa, hapa ndipo linapokuhusu. Siku hizi wengi wenu mnatafuta mpiga picha mwanamke kwa usiku wa hina na kwa ukumbi wa wanawake, na mnafanya vyema. Mmewahi kuuliza anayekata ni nani? Mpiga picha anaweza kuwa mwanamke na kadi ikapelekwa kwa mhariri mwanamme mtaa wa pili, au ikavuka bahari kwenda Dar. Umefunga mlango wa mbele, wa nyuma uko wazi. Na hatuwezi kuwapata wahariri wanawake wa kutosha siku ya harusi ikiwa hatukuwaruhusu wajifunze wakiwa wanafunzi. Binti anayehangaika leo na video ya darasa lake ndiye utakayempa kadi yako kesho.

Msanii hatakubali?

Tumesikia pingamizi kutoka kwa wanafunzi wenyewe: kila mtu akipewa neno, video haitaisha, na itakayoisha haitakuwa na ladha. Wana haki ya kuogopa. Video ya kamati ni kama mchuzi uliotiwa chumvi na wapishi saba. Ndiyo maana hatuombi kila mtu aamue kila kitu. Rangi, mdundo, urefu, mpangilio, hayo ni ya mhariri. Mwanamke aonekanaye ana neno juu ya jambo moja tu: picha yake mwenyewe, na maana iliyowekwa pembeni yake.

Mipaka haiui kazi pia. Mhariri aliyekatazwa uso hutafuta mikono: mkono unaochora piko, vidole vinavyosuka ukili, mlango wa nakshi unaofunguka taratibu, kanga inayopepea kambani, kivuli cha mwimbaji ukutani. Video za namna hiyo tumeziona, na kwa macho yetu zinazidi uzuri zile zinazomganda binti usoni tangu mwanzo hadi mwisho.

Masharti tunayoyapendekeza

Yawe kwa wanafunzi, yawe kwa biharusi. Yaandikwe kwenye karatasi, au angalau kwa ujumbe wa simu, kabla kamera haijawashwa.

1. Ijulikane nani anakata, kwa jina, na kadi isitoke mkononi mwake bila ruhusa.

2. Kila mwanamke aulizwe kabla, na aambiwe wazi video itakwenda wapi: darasani tu, kwenye kundi la WhatsApp, au YouTube kwa dunia nzima. Aliyekubali darasani hajakubali YouTube. Kwa mtoto, aulizwe mzazi na aulizwe mtoto mwenyewe.

3. Kabla ya kutoka, aonekanaye aitazame video nzima mara moja. Asionyeshwe kipande chake peke yake, kwani madhara yako kwenye kiungo.

4. Akisema "hiki kitoe", kitolewe bila ya kuulizwa sababu.

5. Mabaki yawe na mwisho. Wakubaliane siku ya kuyafuta, nakala zote zihesabiwe, na kadi iandikwe upya picha za kawaida mpaka ijae kabla ya kuazimwa mtu.

Walimu wanaotoa kazi hizi waweke alama kwa masharti haya kama wanavyoweka kwa sauti na mwanga. Mwanafunzi anayejua kwamba ruhusa ina alama 10 ataitafuta ruhusa.

Na sisi mama, shangazi, somo na mashoga, video nyengine ya wanafunzi ikitufikia kwenye simu, tuanze na swali la nani alikata na kama walioonekana waliridhia. Kama hatujui jibu, tusiisambaze. Kusubiri siku mbili hakutupunguzii kitu, na kunaweza kumhifadhi binti wa mtu.

Allah atuhifadhie binti zetu, awape ujuzi wenye kheri, na atujaalie tuwe wenye kutimiza amana. Amin.